Maltipleksa za Analogi za Zamani na za Kisasa: Kuitambua Hitilafu kwa Dalili Zake

Kwenye shamba moja la zabibu kule Hombolo, kaskazini-mashariki mwa jiji la Dodoma, tulifunga sanduku la kurekodi vipimo lenye njia nane: sensa nne za unyevu wa udongo, thamista tatu za kupimia joto, na njia moja ya kuangalia volti ya betri. Mikrokontrola tuliyotumia, yaani kompyuta ndogo ya chipu moja inayoendesha sanduku, ina pini sita tu za analogi, kwa hiyo vipimo vyote nane vilipitishwa kwenye maltipleksa moja, yaani ile chipu inayochagua njia moja kati ya nane na kuiunganisha na mguu mmoja wa pamoja. Wiki ya pili mzee mwenye shamba alinipigia simu: "Fundi, chombo chako kinasema udongo umelowa, na mimi hapa natifua vumbi."

Jambo la kwanza linalowajia mafundi wengi katika hali hiyo ni kusema kwamba chipu ni ya zamani, tuiondoe na tuweke ya kisasa. Kwa miaka niliyokaa na kazi hii nimeona ushauri huo ukiponya matatizo mawili matatu, ukiyaacha mengine yalivyo, na mara nyingine ukileta hitilafu ambayo haikuwapo. Ndiyo maana hapa chini naanzia kwenye dalili, kisha natafuta sababu, na chipu inabadilishwa pale tu ambapo sababu iko ndani ya chipu yenyewe.

Chipu ninazozilinganisha ni za vizazi vitatu. Ya kwanza ni CD4051, ya familia ya CMOS ya mfululizo wa 4000 iliyoanzishwa na kampuni ya RCA ya Marekani mwaka 1968. Inavumilia umeme wa volti 3 hadi 18 na bado inapatikana kila mahali kwa bei ndogo. Ya pili ni 74HC4051, yenye mpangilio uleule wa miguu lakini iliyokusudiwa volti ndogo zaidi. Ya tatu ni za kisasa kama TMUX1108 ya Texas Instruments na ADG708 ya Analog Devices, ambazo hufanya kazi chini ya volti 5.5 na zina ukinzani mdogo sana. Ndani ya zote, kila njia ni transista mbili za aina pinzani zilizowekwa sambamba, na ukinzani wa njia hutegemea nguvu ya volti inayozifungua transista hizo. Umeme wa chipu ukiwa mdogo, transista hufunguka nusunusu na ukinzani hupanda.

Dalili: njia moja inasoma kama njia iliyotangulia

Hii ndiyo iliyokuwa dalili ya Hombolo, nami nitakaa nayo kwa sababu ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi kuliko nyingine zote. Nilipofika shambani niliweka multimita kwenye betri nikapata volti 12.6, ilhali sanduku lilikuwa linaandika volti 8. Sensa ya kwanza ya unyevu ilikuwa inatoa volti 0.9 kwenye waya wake, ilhali sanduku lilikuwa linaandika 1.55. Kwa sensa zile volti kubwa humaanisha unyevu mwingi, kwa hiyo mzee alikuwa anaambiwa asimwagilie wakati mizabibu ina kiu.

Kosa lilikuwa langu mwenyewe. Ili kutuliza vipimo vinavyocheza, nilikuwa nimeweka kapasita ya nanofaradi 100 kwenye mguu wa pamoja wa maltipleksa, upande wa kutokea. Betri ilikuwa inapimwa kupitia kigawanyo cha rezista za kiloomu 300 na 150, ambazo kwa pamoja zinaonekana kama chanzo chenye ukinzani wa kiloomu 100. Kiloomu 100 mara nanofaradi 100 ni milisekunde 10, na programu yangu ilikuwa inasubiri milisekunde 1 tu baada ya kubadili njia. Katika milisekunde 1 kapasita ile ilikuwa imesafiri takriban sehemu moja ya kumi tu ya safari yake kutoka volti 2.5 ya thamista iliyotangulia kuelekea volti 4.2 ya betri, ikasimamia 2.66; na kwa kuwa kigawanyo kile hupitisha theluthi moja ya volti, programu ilizidisha 2.66 mara tatu ikaandika 8. Kisha njia ya sensa ya kwanza ilipochaguliwa, ilirithi mabaki ya betri, na kwa kuwa sensa ile ina ukinzani wa kutoa wa kiloomu 10, baada ya milisekunde 1 bado asilimia 37 ya tofauti ilikuwa haijaondoka. Chipu ya bei ghali kuliko zote duniani ingesoma vilevile.

Tiba yake ni kuihamisha kapasita. Iondolewe kwenye mguu wa pamoja na kila njia iwekewe ya kwake, kabla ya maltipleksa, ambako hakuna anayeibadilishia volti ghafla. Hapo hesabu inageuka na kuwa upande wako: mguu wa pamoja wa CD4051 una takriban pikofaradi 30, na kapasita ya ndani ya kigeuzi (sehemu inayogeuza volti kuwa namba) cha mikrokontrola yetu, ATmega328P, ina pikofaradi 14, kwa hiyo jumla, pamoja na nyaya, tuseme pikofaradi 50. Kapasita ya nanofaradi 100 ikigawana chaji na pikofaradi 50 hutikisika kwa sehemu moja ya elfu mbili, na kigeuzi cha biti 10 kinachohesabu hatua 1,024 hakiwezi kuuona mtikisiko huo. Pale ambapo kapasita haiwezi kuwekwa, soma kila njia mara mbili na utupe kipimo cha kwanza, au weka opampu (chipu ya kukuza sinyali) ya kufuata volti kati ya maltipleksa na kigeuzi.

Kuna aina mbili za dalili hii zinazofanana nayo kwa sura. Ya kwanza ni njia iliyoachwa wazi bila kuunganishwa na chochote; hiyo daima itaonyesha kivuli cha jirani yake, na dawa yake ni kuiunganisha na grandi. Ya pili ni pale kivuli kinapotoka kwenye njia ambayo hata haikutangulia katika mpangilio wa kusoma. Chunguza programu: kama inabadilisha pini tatu za anwani, zile zinazochagua njia, moja baada ya nyingine, safari ya kutoka njia ya 3 kwenda ya 4, yaani kutoka 011 kwenda 100, itapitia 010 na 000, na kwa mikrosekunde chache njia ya 2 na ya 0 zitaunganishwa. Inua kwanza mguu wa 6, unaofunga njia zote, badilisha anwani, kisha uushushe.

Kama baada ya yote haya bado unaona mruko mdogo wa volti kila njia inapobadilika, na vyanzo vyako vina ukinzani mkubwa, basi sasa ni halali kuitazama chipu. Lakini itazame kwa uangalifu. Transista yenye ukinzani mdogo ni transista pana, na transista pana hudondosha chaji nyingi zaidi kwenye njia kila inapofunguka au kufungwa. Analog Devices wenyewe wanatengeneza chipu mbili za ukoo mmoja: ADG1408 yenye ukinzani wa takriban omu 4, na ADG1208 yenye omu 120 ambayo inadondosha chaji ndogo zaidi kwa mbali. Zote ni za kisasa. Kwa sensa yenye ukinzani mkubwa, ile ya omu 120 ndiyo inayofaa.

Dalili: kipimo kiko chini ya ukweli, na kasoro hubadilika kadiri volti inavyobadilika

Hapa ukinzani wa njia ndio mshukiwa wa kwanza. CD4051 ikipewa volti 5 ina ukinzani wa kawaida wa omu 470, na datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inaruhusu ufike omu 1,050. Ikipewa volti 15 hushuka hadi omu 125. 74HC4051 kwa volti 4.5 ina omu 80 hivi, na TMUX1108 kwa volti 5 ina omu 2.5.

Kabla ya kufurahia tofauti hiyo, jiulize kama kuna mkondo wowote unaopita kwenye njia. Kama baada ya maltipleksa kuna kigeuzi au opampu isiyonyonya mkondo, omu 470 hazipotezi kitu. Zinapoteza pale penye mzigo: kwa mzigo wa kiloomu 10, omu 470 hukata takriban asilimia 4.5 ya volti, na omu 2.5 hukata asilimia 0.025.

Mfano ulioletwa mezani kwangu ulikuwa bodi ya kuangalia joto la vifaranga, ambayo mtengenezaji wake, ili kuokoa rezista saba, aliweka rezista moja ya kiloomu 10 baada ya maltipleksa na kuziacha thamista nane zikitumia rezista hiyo kwa zamu. Kwa mpangilio huo ukinzani wa njia unajumlishwa moja kwa moja kwenye thamista. Thamista ya kiloomu 10 yenye beta (namba inayoeleza jinsi ukinzani wake unavyofuata joto) ya 3950 hubadilika kwa takriban omu 440 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi joto likiwa nyuzi 25, kwa hiyo omu 470 za CD4051 zilikuwa zinapunguza kipimo kwa zaidi kidogo ya nyuzi moja, na kwa kuwa ukinzani huo hubadilika kadiri volti ya njia inavyobadilika, kasoro haikuwa sawa usiku na mchana. Rezista saba zikiongezwa, kila thamista na yake, kabla ya maltipleksa, kasoro yote inaondoka bila kugusa chipu.

Wapo waliosikia hadithi kama hii wakahitimisha kwamba omu 2.5 ni sawa na sifuri. Si sawa hata kidogo mbele ya sensa ya joto ya PT100, ambayo hubadilika kwa omu 0.385 tu kwa nyuzi moja. Omu 2.5 hapo ni kosa la nyuzi sita na nusu. Kwa PT100 panahitajika nyaya nne, mkondo upite njia yake na volti isomwe kwa njia nyingine isiyo na mkondo, na ukishafanya hivyo hata maltipleksa ya zamani inaweza kutumika.

Dalili: njia zinachaguliwa kimakosa, hasa baada ya kubadilisha mikrokontrola

Tulipotaka sanduku la Hombolo litume vipimo lenyewe tulihamia ESP32, tukapunguza vigawanyo ili hakuna njia inayozidi volti 3, na maltipleksa tukaiacha kwenye volti 5. Mezani ilifanya kazi siku tatu bila kosa. Shambani ilianza kuchanganya njia ya 4 na ya 0.

Sababu ni kizingiti cha anwani. CD4051 na 74HC4051 zikipewa volti 5 zinahitaji volti 3.5 ili zihakikishe kwamba zimeona moja, na ESP32 inatoa 3.3. Kwa kawaida chipu hubadilika karibu na nusu ya umeme wake, ndiyo maana mezani kila kitu kinaonekana salama, lakini kilichoandikwa kwenye datashiti ni 3.5, na waya mrefu, kelele au joto vikila kipande kidogo cha ile 3.3 hakuna wa kulaumiwa. Pima miguu ya 11, 10 na 9 wakati programu imesimama kwenye njia ya 7. Ukikuta chini ya 3.5, umepata jibu.

Hapa ndipo chipu mpya inapostahili pesa yake. 74HCT4051 inakubali volti 2.0 kuwa ni moja ikiwa kwenye umeme wa volti 5, na miguu yake ni ileile, kwa hiyo unachomoa na kuchomeka. TMUX1108 inakubali hata mikrokontrola za volti 1.8. Njia ya tatu ni kuishusha 74HC4051 kwenye volti 3.3 pamoja na mikrokontrola, ambapo inafanya kazi vizuri ingawa ukinzani wake unapanda. CD4051 sikushauri uishushe hapo: volti 3.3 iko ndani ya mipaka yake, lakini ukinzani wake unakuwa mkubwa na usiotabirika kati ya chipu moja na nyingine.

Dalili: vipimo hubadilika mkono ukikaribia

Mguu umeachwa ukielea. Mara nyingi ni wa 6, wakati mwingine wa 7, ule wa volti hasi. Kiangazi cha Dodoma, Juni hadi Oktoba, hewa ni kavu kiasi kwamba ukivua sweta unasikia umemetuli ukilia, na mguu unaoelea hufuata kila kitu kinachopita karibu. Wa 6 uende grandi kama hauutumii. Wa 7 uende grandi kama hakuna volti hasi. Lakini kama sinyali yako inashuka chini ya sifuri, mfano sauti au mkondo geu (AC), mguu huohuo lazima upewe volti hasi, tuseme hasi 5, la sivyo nusu ya chini ya sinyali itakatwa.

Dalili: njia moja ikiguswa na volti kubwa, nyingine zote zinaharibika

Nyaya ndefu za shambani huokota mengi, hasa radi za Desemba. Njia iliyokatwa ikisukumwa juu ya umeme wa chipu au chini ya grandi, daiodi za ulinzi zilizo ndani hupitisha mkondo, na mkondo huo huvujia kwenye njia nyingine kupitia transista zisizokusudiwa zilizomo ndani ya silikoni. Utaona njia ya 2 ikipanda kwa sababu waya wa njia ya 6 umeguswa. Rezista ya kiloomu 1 hadi 10 kwenye kila njia, pamoja na daiodi za Schottky kuelekea umeme na grandi, hupunguza tatizo hilo kwa CD4051 na kwa chipu nyingine yoyote. Iko pia 74HC4851, iliyotengenezwa mahususi kuzuia mkondo huo usiathiri njia nyingine. Ambapo volti ya nje inaweza kufika makumi, ipo ADG508F yenye ulinzi wa ndani, nayo ina ukinzani wa omu 300 hivi: huo ndio ulinzi, unalipwa kwa omu.

Kagua pia kama sensa zinabaki na umeme wakati maltipleksa imezimwa. Chipu itajilisha kupitia njia zake na kuonekana hai nusunusu, jambo ambalo hutesa mtu kwa siku nzima.

Dalili: asubuhi sawa, mchana si sawa

Ndani ya sanduku la bati lililoachwa juani mwezi wa Oktoba joto hupita sana lile la nje. Mvujo wa njia zilizokatwa huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Kwa kawaida CD4051 huvuja kidogo mno, nanoampia 0.01 kwenye joto la kawaida, lakini kiwango cha juu kinachoruhusiwa na datashiti ni nanoampia 100, na kwenye joto kali ni 1,000. Nanoampia 100 kupitia kiloomu 100 za kigawanyo cha betri ni milivolti 10, sawa na hatua mbili za kigeuzi cha biti 10. TMUX1108 inahesabu mvujo wake kwa pikoampia, na kwa vyanzo vya ukinzani mkubwa tofauti hii ni ya kweli.

Hata hivyo, kabla ya kununua, safisha bodi. Mabaki ya flaksi, ile dawa ya kulehemu iliyomo kwenye risasi, yakichanganyika na vumbi jekundu la kwetu, na mvua ya kwanza ikileta unyevu, bodi yenyewe huvuja kuliko chipu yoyote. Osha kwa brashi na pombe ya isopropili, ikauke, upime tena. Kisha sogeza sanduku kivulini au ulipake rangi nyeupe.

Dalili: chipu mpya imepata moto na kufa mara tu ilipowekwa

Kwa kuwa miguu ya CD4051 na ya 74HC4051 inafanana, watu huchomoa moja na kuchomeka nyingine bila kuangalia umeme. Bodi ya zamani ya volti 12 au 15 huua 74HC4051 papo hapo, maana umeme wa upande wa anwani haupaswi kuzidi volti 6, na kati ya mguu wa 16 (wa umeme chanya) na wa 7 haupaswi kuzidi 10. TMUX1108 na ADG708 zinakomea 5.5, tena mpangilio wa miguu yake ni mwingine na umbo lake ni dogo la kulehemu juu ya bodi, hivyo zinahitaji bodi ya kuunganishia. Kwenye saketi ya volti 12 yenye nafasi zilezile za miguu, CD4051 bado ndiyo chaguo langu la kwanza.

Sababu nyingine ni chipu iliyoandikwa jina lisilo lake. Vifaa vyetu vingi vinatoka Dar es Salaam kwa basi, na sasa kwa treni ya mwendokasi, vikiwa kwenye vifuko visivyo na maandishi ya mtengenezaji. Kipimo cha kuzitenga ni rahisi: ipe chipu volti 5, chagua njia moja, iingize volti 2.5, na kwenye mguu wa 3 weka rezista ya kiloomu 10 kwenda grandi. Pima tofauti ya volti kati ya mguu wa njia na mguu wa 3. Milivolti 110 hivi ni tabia ya CD4051, milivolti 20 hadi 30 ni ya 74HC4051. Nimeshakuta chipu kumi zenye maandishi ya HC zote zikitoa zaidi ya 100, na tangu siku hiyo siweki maltipleksa kwenye bodi kabla haijapita kwenye rezista ile.

Sanduku la Hombolo leo lina 74HCT4051, kapasita nane kabla ya maltipleksa, rezista ya kiloomu 1 kwenye kila waya unaotoka nje, na bati lake limepakwa chokaa. Njia ya betri inaandika 12.6 multimita ikisema 12.6.